Kanda ya Tatu ya Asukile

Pale Isongole, juu kwenye milima ya Uporoto ambako ukungu hushuka hadi mlangoni, watu walimjua Damari Mwakibete kwa mambo mawili. Pareto yake haikuwahi kukataliwa kwenye mizani, na moyo wake haukuwahi kutulia. Mama yake akikohoa, Damari alisimama shambani na jembe mkononi mpaka kikohozi kipite. Basi la Tukuyu likichelewa, alianza kujiuliza limepinduka kwenye kona gani, ingawa hakuwa na mtu ndani yake. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mjane asiye na mtoto. Baada ya msiba wa mume wake alirudi kwa mama yake, na tangu hapo kila hodi ilimshtua.

Mama yake, Sekela, alikuwa bibi mfupi mwenye maneno machache, na macho yake yalikuwa yakififia kwa mtoto wa jicho. Kati ya watoto saba aliowazaa walibaki wawili, Damari na mdogo wake Asukile. Mwaka 1969 Asukile alivuka mpaka kwenda kuchimba shaba Zambia, kama walivyofanya vijana wengi wa huko kwetu, na kwa miaka saba alikuwa akiandika barua. Damari ndiye aliyezisoma, maana alifika darasa la nne. Lakini alizisoma kwa namna yake. Akikutana na mstari unaosema Asukile alilazwa na homa, aliuruka. Akikuta kwamba mwamba uliporomoka na kuua watu wawili wa zamu yake, alisoma kwamba kazi inaendelea vizuri.

"Mbona umenyamaza kidogo hapo?" mama yake aliuliza siku moja.

"Mwandiko hausomeki, Mama."

Tangu siku hiyo Sekela aliacha kuuliza barua inasema nini.

Mwishoni mwa mwaka 1976, Yotamu, jirani yao aliyefanya kazi mgodi mmoja na Asukile, alikuja likizo na redio kaseti begani. Alileta na kanda moja. Alikaa kwenye kigoda, akaitumbukiza kanda ndani, akabonyeza, na sauti ya Asukile ikatoka mle ndani ikimwita mama yake kwa jina lile alilomwita akiwa mtoto. Sekela alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Walirudia kanda ile mara nne siku hiyo. Likizo ilipokwisha Yotamu aliondoka na mashine yake, akaacha kanda tu. Siku zilizofuata Damari alimkuta mama yake ameishika kanda ile karibu na sikio.

Ndipo Damari alipoamua kwamba pesa za pareto za msimu ule zitakwenda kwenye mashine.

Alishuka Mbeya mjini siku ya Alhamisi, kanda ya Asukile ikiwa imefungwa kwenye leso ndani ya blauzi. Dukani walimwonyesha mashine mbili. Moja ilikuwa kubwa, ya kung'aa, yenye spika mbili na taa ndogo nyekundu. Nyingine ilikuwa nyeusi, bapa, yenye mkono wa kubebea na vitufe vitano vilivyopangwa mbele kama meno.

"Mama, hii kubwa ndiyo watu wanayoitaka," muuzaji alisema. "Ukiweka muziki, kijiji kizima kinacheza."

"Naomba uniwekee hii," Damari alisema, akatoa kanda yake.

Muuzaji alishangaa kidogo lakini akaiweka. Kwenye ile mashine kubwa, Asukile alisikika kama mhubiri kwenye mkutano, sauti nzito inayotikisa kioo cha kabati. Damari alitikisa kichwa. Ikawekwa kwenye ile ndogo. Sauti ilikuwa nyembamba, yenye mchakacho, lakini ilikuwa ya Asukile, na hata pale anapovuta pumzi kabla ya kucheka ulimsikia akivuta.

"Hii inakula betri ngapi?"

"Nne. Ile kubwa inakula nane."

"Na betri zikianza kuisha, nitajuaje?"

"Sauti inakuwa nzito, inajivuta. Ukiona hivyo, zima. Utepe ukienda polepole unaweza kujifunga ndani." Muuzaji alifungua mfuniko, akamwonyesha kichuma kidogo kinachong'aa na kigurudumu cha mpira kilicho pembeni yake. "Hiki kichuma ndicho kinachosoma. Kikichafuka, hakisomi. Na hiki cha mpira ndicho kinachovuta utepe. Kikinata, kinaula. Usiweke penye vumbi, usiweke penye moshi, usiweke penye unyevu."

"Isongole tuna vyote vitatu," Damari alisema.

Muuzaji alicheka. Damari hakucheka. Alibeba ile ndogo nyeusi kifuani njia nzima, na kila basi liliporuka kwenye shimo alifungua kitambaa kuangalia kama kuna kitu kimelegea.

Tangu siku hiyo alipata kitu kipya cha kuhofia, na alikihofia kwa bidii. Mashine ilikaa kwenye sanduku la mbao, imefungwa kwa kitenge, mbali na jiko. Kila Jumamosi alisafisha kichuma kile na kigurudumu cha mpira kwa pamba yenye spiriti, ambayo mganga wa zahanati alimpa kwenye kichupa cha dawa. Betri alizitoa kila baada ya kusikiliza, zisije zikavuja ndani. Siku za jua alizianika juu ya bati zipate nguvu tena, kwa sababu duka la ushirika lilikaa wiki nyingi bila kuwa na betri hata moja. Kurudisha kanda nyuma hakutumia mashine kabisa. Alichomeka penseli kwenye tundu la kanda akaizungusha kwa mkono, taratibu, akihesabu mizunguko.

Walimtumia Asukile majibu. Sekela aliongea na mashine ile akiwa ameinama, kwa sauti ya juu, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Kanda ya pili ilikuja katikati ya mwaka 1977. Asukile alikuwa mzima, alikuwa amenunua baiskeli, alitaka kujua kama ng'ombe mwekundu amezaa. Halafu mwaka ukageuka, miezi ikapita bila kanda wala barua.

Kanda ya tatu ililetwa Jumapili, tarehe kumi na moja Juni, mwaka 1978. Aliyeileta alikuwa Andendekisye, mchimbaji mwenzake Asukile, aliyekuwa akielekea kwao Kyela. Basi lilikuwa linamsubiri barabarani, dereva anapiga honi.

"Asukile hajambo?" Damari alimuuliza.

Andendekisye aliangalia viatu vyake. "Yupo, dada. Atawaambia mwenyewe humo ndani. Nimechelewa kuwafikishia, nisameheni, nilikaa Tunduma kwa ndugu zangu zaidi ya wiki." Akakimbilia basi.

Ilikuwa inanyesha manyunyu tangu asubuhi, na baridi ya Juni iliingia mpaka kwenye mifupa. Sekela alikuwa ameketi kwenye banda la kukaushia pareto, mahali pekee penye joto, moto wa kuni ukiwaka chini ya vichanja. Damari alijua kabisa kwamba mashine haitakiwi humo. Alijua pia kwamba wiki mbili hizo za mavuno hakuisafisha hata mara moja. Lakini mama yake alikuwa ameshanyoosha mikono.

Akabonyeza.

"Mama, ni mimi Asukile," sauti ilisema. Ilikuwa nzito, inajivuta. Damari alizima haraka, akatoa betri, akaweka zile mpya alizokuwa amezificha chini ya kitanda. Akabonyeza tena. Sauti ilikuwa vilevile. Hapo ndipo alipoelewa kwamba kasoro haikuwa kwenye betri.

Asukile aliongea Kinyakyusa, kama walivyozoea nyumbani. "Mama, salamu. Dada Damari, najua upo, umekaa karibu kabisa na mashine. Mwezi wa tatu nilipata ajali. Baruti ililipuka kabla ya wakati wake. Msilie, mnanisikia naongea. Nililazwa hospitali, nimetoka. Kazi imekwisha, wamenipa karatasi zangu. Sasa narudi nyumbani kwa treni. Wenzangu watanipandisha Kapiri Mposhi, lakini hakuna wa kusafiri nami. Dada, uje unipokee stesheni ya Mbeya. Uje mwenyewe, usimtume mtu. Treni itanifikisha hapo..."

Sauti ikakoroma. Ikashuka, ikawa kama ng'ombe anayeumwa, kisha ikakatika.

"Amesemaje?" Sekela aliuliza. "Siku gani? Damari, amesema siku gani?"

Damari alikuwa ameshafungua mfuniko. Utepe ulikuwa umejizungusha kwenye kile kigurudumu cha mpira, tabaka juu ya tabaka, umekunjamana kama uzi uliochezewa na paka. Alijaribu kuutoa kwa ukucha. Ulitoka kidogo. Alivuta tena, kidogo tu, na ukakatika mkononi mwake.

Safari hii hapakuwa na mstari wa kuruka. Mama yake alikuwa amesikia yote aliyoyasikia yeye. Damari alikaa pale sakafuni, kipande cha utepe kimenata kidoleni, na kwa mara ya kwanza tangu afiwe na mumewe alilia mbele ya mama yake.

"Nimemharibia, Mama. Nimeileta kwenye moshi mwenyewe."

"Mimi ndiye niliyenyoosha mikono," Sekela alisema. "Kesho peleka kwa fundi."

Fundi waliyemjua watu wa huko alikuwa Shija, aliyekuwa na kibanda njia panda ya Uyole. Baba yake Shija alihama kutoka Usukumani na ng'ombe mia moja akaingia nyanda za Usangu. Kijana aliwachoka ng'ombe, akajifunza redio jeshini, na sasa kibanda chake kilijaa redio zilizofunguliwa matumbo. Shija alimwita kila mwanamke mzima mayu, yaani mama kwa Kisukuma, hata akiwa amemzidi umri kidogo tu.

Alifungua mashine, akainusa.

"Mayu, hii imelala jikoni?"

"Banda la pareto. Mara moja tu, fundi."

"Na huu utepe nani aliuvuta?"

"Mimi."

Shija alitoa kile kigurudumu, akafungua utepe uliojizungusha kwa kibano kidogo kama cha kung'olea miiba. Vipande vingine vilikuwa vimechakaa hadi vimekuwa vyeupe, akavikata. Vilivyobaki alivilaza juu ya kioo, akavinyoosha kwa kidole gumba, akaunganisha ncha kwa karatasi nyembamba yenye gundi. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu. Damari alisimama muda wote, akikataa kigoda.

Kisha wakasikiliza.

"Treni itanifikisha hapo..." Kukawa na mkwaruzo mfupi. "...tano. Usikose, dada. Nikishuka sitaweza kukuona."

Baada ya hapo zilifuata salamu za ndugu na jamaa, mpaka mwisho.

"Rudia," Damari alisema. Shija akarudia. Akarudia mara ya sita, akizungusha utepe kwa kidole. Maneno yalikuwa yaleyale. Asukile, kama watu wote wa kwao, aliongea Kinyakyusa lakini siku na tarehe alizitaja kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho utepe ulikuwa umekimeza chote isipokuwa mwisho wake.

"Tano," Shija alisema. "Inaweza kuwa Jumatano."

"Au tarehe kumi na tano."

"Au ishirini na tano."

Damari aliinua macho kwenye kalenda ya ukutani. "Au tarehe tano," alisema polepole. "Leo ni tarehe kumi na mbili. Yule mtu alikaa Tunduma zaidi ya wiki. Fundi, kama ni tarehe tano, alishashuka. Ameshushwa pale peke yake na mimi sikuwepo."

Shija alifunga mashine haraka kuliko alivyoifungua. "Nenda stesheni, mayu. Mambo ya malipo tutaongea siku nyingine."

Kutoka Uyole mpaka stesheni ya reli mpya, upande wa Iyunga, Damari hakukumbuka baadaye alifikaje. Alikumbuka tu kwamba ndani ya gari alikuwa akiangalia kila mtu aliyeketi kando ya barabara, na kila aliyejifunika blanketi alikuwa Asukile mpaka gari lipite.

Karani wa tiketi alikuwa mtu mpole mwenye miwani. "Ndugu, treni ya abiria kutoka Zambia inapita hapa Jumatano na Jumapili. Tarehe tano ilikuwa Jumatatu. Hakuna treni iliyopita."

Damari alishika dirisha. "Una uhakika?"

"Nilikuwa hapa mwenyewe. Na tarehe kumi na tano ni Alhamisi. Hakuna treni vilevile." Karani alihesabu kwa kalamu. "Ishirini na tano ni Jumapili. Hiyo ipo. Na Jumatano zote zipo."

Kwa hiyo ikabaki Jumatano yoyote, au tarehe ishirini na tano. Hofu ya Damari ilipungua, lakini haikuondoka, maana hata ile Jumatano iliyokwisha kupita ilikuwa Jumatano.

Jumatano ya tarehe kumi na nne alikuwepo stesheni saa tatu nzima kabla ya treni kufika. Watu walishuka na masanduku, na mablanketi, na kuku mmoja aliyetoroka. Asukile hakuwepo. Jumatano iliyofuata alishuka mwanaume mmoja mrefu mwenye magongo, kofia imeficha uso. Damari alikimbia, akamshika mkono, akamwita. Mtu yule aligeuka. Alikuwa Mlambya wa Ileje, akamwangalia kwa huruma. "Mimi siye, dada. Mungu akusaidie umpate."

Nyumbani pareto ilizidi kukomaa, ikaanza kuanguka shambani bila kuchumwa. Majirani walimshauri asubiri barua. Damari hakuweza kueleza kwamba sentensi moja ndiyo iliyokuwa ikimsumbua. *Nikishuka sitaweza kukuona.* Aliigeuza kila upande. Je, kuna watu wengi kiasi hicho? Je, atakuwa amelazwa kwenye machela? Aliisema kwa sauti akiwa anakata kuni, kama atakayesikia jibu.

Ijumaa ya tarehe ishirini na tatu Sekela aliamka na homa. Kesho yake kifua kilikuwa kinapiga filimbi, na mganga wa zahanati alimchoma sindano, akasema asiachwe peke yake. Jumapili asubuhi Damari alikaa kando ya kitanda, shuka lake la safari begani, hajui aende au abaki. Alimwona mama yake mdogo sana chini ya mablanketi yale.

"Mbona hujaondoka?" Sekela aliuliza bila kufumbua macho.

"Mama, siwezi kukuacha hivi. Pengine ni Jumatano. Nitakwenda Jumatano."

"Mimi niko kitandani kwangu. Najua mlango uko wapi, najua moto uko wapi. Yeye hajui alipo." Akakohoa, akapumzika. "Mwite Marta akae na mimi. Wewe nenda."

Marta, mke wa Yotamu, alikuja na kazi yake ya kufuma, akakaa. Damari aliondoka akigeuka nyuma kila hatua mpaka ukungu ukaificha nyumba.

Treni iliingia stesheni jua likiwa limeshapita utosini. Damari alisimama mahali palepale alipozoea, karibu na mlango wa kutokea, ambako kila anayeshuka lazima apite. Walipita. Wanawake wenye vitambaa vya Kizambia, mapadri wawili, askari, familia yenye watoto watano. Wakapungua. Wakaisha. Wapandao walikuwa wameshapanda. Mbele, karibu na kichwa cha treni, mtu alikuwa ameshika bendera ya kijani, bado hajaiinua.

Alikuwa ameshageuka kuondoka pale miguu ilipokataa. Baadaye alishindwa kueleza kilichomjia. Ni kwamba maneno yale yalijipanga upya tu kichwani. Asukile hakusema watu watakuwa wengi. Hakusema atakuwa amelazwa. Alisema hataweza kuona.

Damari alikimbia, akashika chuma cha mlango wa behewa la daraja la tatu, akapanda.

"Asukile! Asukile Mwakibete!"

Watu walimwangalia. Alipita katikati ya magunia na miguu, akaingia behewa la pili, akiita. Chini ya sakafu aliisikia treni ikijinyoosha, minyororo ikivutana. Mwanamke mmoja wa Kihehe, mwenye kikapu mapajani, alisimama.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Ndugu yangu. Haoni. Nafikiri haoni."

"Huyu hapa!" mwanamke alisema, akamvuta mkono. "Mimi naitwa Rozalia, nakwenda Igowole, tumekaa naye toka Tunduma. Nilimwambia hapa ni Mbeya. Kuna mtu akamwambia Mbeya bado, ndiyo akarudi kukaa."

Alikuwa ameketi kwenye kona ya dirisha, koti kubwa limefungwa mpaka shingoni, sanduku la bati katikati ya magoti. Uso wake ulikuwa na madoa ya buluu, kama mtu aliyerushiwa mchanga ukamwingia ndani ya ngozi, na kope zilikuwa zimeshikana. Alikuwa ameinua kichwa, anageuza sikio huku na huku.

"Dada?" alisema. "Damari? Ni wewe au nimesikia vibaya?"

"Simama, mdogo wangu. Simama, tunashuka."

Treni ilikuwa imeanza kutembea, polepole kama mtu anayetafuta njia. Rozalia alitanguliza sanduku mlangoni, akalisukuma nje. Damari alimshika Asukile kiunoni kwa mkono mmoja, akamwambia aruke atakapomwambia, na Asukile, ambaye hakuwa ameruka kitu chochote tangu mwezi wa tatu, aliruka. Waliangukia jukwaani wote wawili, viganja vikachubuka. Karani mwenye miwani alikuja mbio akipiga kelele, halafu alipomtambua Damari akanyamaza, akaokota sanduku.

Kama Damari angebaki pale mlangoni, Asukile angebebwa mpaka Makambako, mkoa mwingine kabisa, akisubiri kuambiwa kwamba amefika. Damari aliwaza hilo njia nzima kwenye basi, bila kuuachia mkono wa Asukile.

"Sikukwambia kwenye kanda kuhusu macho," Asukile alisema. "Niliogopa Mama atasikia. Nilitaka wewe uje, uone, kisha umwambie kwa namna yako. Wewe huwa unajua kuficha."

"Sikuisikia tarehe, Asukile. Mashine iliila. Mimi niliiharibu."

"Nilisema Jumapili tarehe ishirini na tano. Sasa ulijuaje?"

"Sikujua. Nimekuja kila mara."

Asukile aliegemea bega lake mpaka Uyole.

Sekela alikuwa ameketi kitandani walipoingia. Marta alishindwa kumlaza. Damari alifungua mdomo atangulize maneno, alainishe, aseme jambo dogo kabla ya kubwa. Mama yake alimzuia kwa mkono. Akamvuta Asukile akae kando yake, akapitisha vidole juu ya paji la uso, juu ya kope zile zilizoshikana, juu ya madoa yote, taratibu, kila mahali.

"Macho," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Yote mawili."

"Ndiyo."

Sekela alikaa hivyo, viganja mashavuni mwa mwanawe. Hakulia mbele yao. Aliomba uji, akanywa bakuli zima, mara ya kwanza kwa siku tatu.

Homa ilimwacha wiki ile, na aliishi miaka mingine mitatu. Shija alileta mwenyewe kigurudumu kipya cha mpira kwa ile mashine siku alipokuwa akipita kwenda Tukuyu, akakifunga bila kutaka kitu zaidi ya kahawa. Watu wenye ndugu zao Zambia walianza kuleta kanda zao zisikilizwe nyumbani kwa Damari, na Asukile ndiye aliyezishika: alitambua kwa kidole kama kigurudumu kimenata, na kwa sikio kama betri zimechoka, kabla ya mtu mwenye macho.

Wasiwasi wa Damari haukuisha. Ulipata tu mtu mpya wa kumwangalia. Asukile alipotaka kwenda msalani, Damari alimwongoza. Alipotaka kukaa kwenye banda, Damari alimpeleka, akamrudisha, akamwuliza kama ana baridi. Hali ikawa hivyo mpaka mwezi wa tisa, siku moja asubuhi, Asukile aliposema sasa inatosha.

"Nifungie kamba," alisema. "Kutoka mlangoni mpaka bandani. Nguzo kwa nguzo. Halafu uniache."

"Njia ina utelezi, Asukile. Kuna shimo la mbolea upande wa kushoto."

"Basi funga kamba upande wa kulia."

Damari alichimba mashimo ya nguzo siku mbili. Alifunga kamba ya katani kwa urefu wa kiuno, akaivuta kwa uzito wake wote kuona kama itakatika. Asubuhi ya tatu Asukile alitoka nje, akaishika kamba kwa mkono wa kulia, akaanza kwenda. Ukungu ulikuwa mzito. Hatua kumi, akawa kivuli. Hatua ishirini, Damari hakumwona tena, aliiona kamba tu ikitikisika.

Alisimama mlangoni, jina la mdogo wake likiwa limemjaa kinywani. Alishika mwimo wa mlango, akasubiri, na hakuita.